Nani Alimuua Tycho Brahe? Tusome Logi Kwanza

Najua niliwaahidi sehemu ya pili ya makala yangu kuhusu hifadhidata. Naomba mnivumilie, itakuja. Juma lililopita jambo lilitokea kazini, likanikumbusha kifo kimoja cha mwaka 1601 ambacho nimekuwa nikikisoma tangu nikiwa chuo kikuu. Kifo hicho nacho kikanikumbusha kingine, cha nyumbani kwetu. Nitaanza na la kazini kwa sababu ndilo jepesi.

Jumatatu, saa mbili asubuhi, mfumo wa malipo wa kampuni ninayofanyia kazi ulizimika. (Jina la kampuni naliweka kapuni, bado nauhitaji mshahara.) Simu za wateja zikaanza kulia. Hazikupita dakika kumi kabla hatujampata mkosaji. Alikuwa kijana mgeni, hana hata miezi mitatu kazini, na Ijumaa jioni ndiye aliyekuwa wa mwisho kupakia msimbo mpya. Nani mwingine? Mimi ndiye niliyelitaja jina lake kwanza, mbele ya watu wote. Kijana wa watu akabaki anatetemeka.

Saa nne hivi ndipo mtu mmoja alipokumbuka kufungua logi. Kwa wasiojua, logi ni daftari ambalo seva hujiandikia yenyewe: saa fulani nilifanya hivi, saa fulani nilishindwa kufanya vile. Logi ilisema diski ilikuwa imejaa tangu Jumapili usiku. Iliyoijaza ni programu ndogo ya kuweka nakala za akiba, ambayo ilikuwa ikiongeza nakala mpya kila usiku bila kufuta za zamani. Programu hiyo iliandikwa miaka miwili kabla ya kijana yule kuajiriwa. Aliyeiandika? Ni mimi mwenyewe, jamani!

Haya, sasa twende Prague.

Mtu mwenye pua ya chuma

Tycho Brahe alizaliwa mwaka 1546 katika ukoo wa mabwana wakubwa wa Denmark. Akiwa na miaka 20, mwanafunzi kule Rostock, Ujerumani, aligombana na ndugu wa ukoo wake, wakatoka nje usiku kupigana kwa panga. Tycho akarudi bila sehemu ya pua. Kuanzia siku hiyo mpaka kufa kwake alivaa pua ya bandia ya chuma. Watu walisimulia kwamba ilikuwa ya fedha au dhahabu. Ishikilieni hiyo pua, tutairudia.

Mwaka 1572 aliona nyota mpya angani, yenye kung'aa hata mchana, mahali ambapo hapakuwa na nyota. Wasomi wa wakati ule waliamini kwamba mbingu za juu hazibadiliki kamwe. Tycho akapima na kuonyesha kwamba kitu kile kilikuwa mbali kuliko mwezi. Sifa zake zikaenea. Mwaka 1576 mfalme wa Denmark, Frederick II, akampa kisiwa kizima kiitwacho Hven ajenge kituo cha kuchunguza nyota. Kisiwa kizima! Sisi tukiomba seva ya pili tunaambiwa tungoje bajeti.

Kumbukeni kwamba wakati huo darubini ilikuwa haijaanza kutumiwa angani. Galileo aliielekeza yake juu mwaka 1609. Tycho alitumia macho yake na vyombo vikubwa vya kupimia pembe. Pembe ya digrii moja hugawanywa katika dakika 60, na mwezi mpevu una upana wa dakika kama 30 hivi. Vipimo bora vya Tycho vilikosea kwa dakika moja au mbili tu. Na hakupima mara moja akaridhika. Alirudia usiku baada ya usiku, mwaka baada ya mwaka, na kuandika kila kitu daftarini. Kwa lugha yetu ya kazi, huyu alikuwa mtu wa data kabla neno hilo halijapata maana tunayoipa leo.

Baada ya Frederick kufa, Tycho hakuelewana na mfalme aliyefuata, Christian IV. Akaondoka Denmark mwaka 1597, na mwaka 1599 akafika Prague kumtumikia Kaisari Rudolf II. Mwaka 1600 akampokea msaidizi kutoka Ujerumani, mwanahisabati fukara mwenye macho mabovu aitwaye Johannes Kepler. Tycho alikuwa na data bila hisabati ya kutosha kuichambua. Kepler alikuwa na hisabati bila data. Mngedhani wataelewana mara moja, lakini Tycho alimgawia vipimo kwa kijiko, kama mtu anayemgawia jirani chumvi. Wakakosana, wakapatana, wakakosana tena.

Karamu

Tarehe 13 Oktoba 1601 Tycho alialikwa chakula cha jioni nyumbani kwa bwana mmoja mkubwa wa Prague, Peter Vok wa Rosenberg. Walikunywa sana. Tycho akabanwa na mkojo. Adabu za wakati ule hazikumruhusu mgeni kuinuka mezani kabla ya mwenyeji, basi akajikaza. Alipofika nyumbani hakuweza kukojoa. Siku zilizofuata yalitoka matone tu, kwa maumivu makali. Akakosa usingizi, homa ikapanda, akaanza kuweweseka. Usiku wa mwisho alisikika akirudia kwamba asionekane kuwa ameishi bure. Tarehe 24 Oktoba akafariki, akiwa na miaka 54. Alizikwa katika kanisa la Týn, kwenye uwanja wa Mji Mkongwe wa Prague.

Tumejuaje yote haya? Kepler aliyaandika. Na aliyaandika wapi? Katika daftari lile lile la vipimo vya nyota! Mara ya kwanza niliposoma jambo hilo niliacha chai yangu ikapoa. Logi ya Tycho inaishia na ripoti ya kuzimika kwa Tycho mwenyewe.

Washukiwa

Kwa karne nyingi watu waliridhika na hadithi kwamba adabu ndiyo iliyomuua Tycho, kibofu kikapasuka. Ila hata wakati ule kulikuwa na mnong'ono wa sumu. Mnong'ono huo ulipata nguvu kwa namna hii.

Kaburi lilifunguliwa mwaka 1901, miaka 300 baada ya kifo, na nywele kidogo zikachukuliwa. Katika miaka ya 1990 nywele hizo zilipimwa kwa vyombo vya kisasa, kwanza Denmark kisha Sweden, na ikatangazwa kwamba zina zebaki nyingi. Zaidi ya hapo, vipimo vya Sweden vilionyesha zebaki ikipanda ghafla karibu na mzizi wa unywele, yaani saa chache kabla ya kifo. Unywele hukua kama sentimita moja kwa mwezi, kwa hiyo ukiukata vipande unaweza kuusoma kama logi yenye tarehe. Ncha ni habari za zamani, mzizi ni habari za juzi.

Basi moto ukawaka. Mwaka 2004 kilitoka kitabu cha Joshua Gilder na Anne-Lee Gilder kikimtuhumu Kepler waziwazi kwa mauaji. Na mkitazama, Kepler anashukiwa kirahisi sana:

1. Alikuwepo. Alifanya kazi na kuingia nyumbani kwa marehemu.
2. Alifaidika. Siku mbili baada ya kifo alipewa cheo cha Tycho, mwanahisabati wa Kaisari.
3. Alichukua data. Warithi wakiwa bado wanahangaika na msiba, yeye aliyaweka madaftari mikononi mwake. Miaka michache baadaye alikiri jambo hilo mwenyewe kwa barua.

Miaka mitano baadaye mtafiti mwingine akamtaja Erik Brahe, jamaa wa Tycho, ati alitumwa na Mfalme Christian IV. Huyo naye alikuwa Prague siku hizo. Kwa hiyo tukawa na maiti moja, wauaji wawili na sumu moja.

Wanasoma upya

Novemba 2010 timu ya wataalamu wa Denmark na Czech, ikiongozwa na Jens Vellev wa Chuo Kikuu cha Aarhus, ilifungua tena kaburi. Safari hii walichukua mifupa, nywele za kichwa na ndevu, na kuzipima katika maabara zaidi ya moja. Matokeo yalitangazwa Novemba 2012.

Mifupa huweka kumbukumbu ya miaka mingi. Ilionyesha kwamba Tycho hakuwa amekula zebaki kwa wingi katika miaka yake ya mwisho. Ndevu huweka kumbukumbu ya majuma. Zilionyesha kwamba katika siku zile za mwisho zebaki mwilini mwake ilikuwa ya kawaida, haikupanda. Hakuna sumu ya zebaki iliyomuua mtu huyu. Kepler hana kesi. Erik naye hana kesi.

Na ile pua? Pembeni mwa tundu la pua, kwenye mfupa, kulikuwa na doa la kijani. Walipolipima wakakuta shaba na zinki. Kwa hiyo pua aliyozikwa nayo haikuwa ya fedha wala dhahabu, ilikuwa ya madini yale yale yanayotengenezewa makufuli. Miaka mia nne ya hadithi ikaanguka kwa doa moja.

Sasa, je, wale wa miaka ya 1990 walidanganya? Hapana. Tycho alikuwa na maabara ya kuchanganya madini na dawa, na zebaki ilikuwa mojawapo ya vitu alivyotengenezea dawa. Kuikuta zebaki kwenye nywele za mtu kama huyo ni sawa na kukuta unga kwenye shati la mwenye mashine ya kusaga. Nywele zilizosomwa zilikuwa chache, na zilikuwa zimekaa nje ya kaburi kwa miaka tisini. Wasimulizi ndio waliopokea namba, wakaiongezea kisu, kisha wakatafuta mkono wa kuushikisha.

Basi alikufa kwa nini?

Kwanza tuiondoe ile ya kibofu kupasuka. Mtu mzima mwenye afya akijikaza kupita kiasi, mwili utamshinda na atajikojolea. Ni aibu, ila si kifo. Kinachofanana zaidi na maelezo ya Kepler ni mkojo kuziba. Kwa mwanamume wa miaka 54 sababu ya kawaida ya kuziba huko ni tezi dume iliyovimba na kuubana mrija. Tezi inaweza kukua kwa miaka bila kelele nyingi, kisha usiku mmoja wa pombe na kujikaza ukakifunga kibofu kabisa. Mkojo ukikosa njia, shinikizo hurudi kwenye figo. Figo zikishindwa, taka hubaki katika damu, na ubongo nao huchafuka. Homa, kukosa usingizi, kuweweseka: yote yamo katika daftari.

Mwaka 2018 watafiti waliochunguza mifupa yake waliongeza jambo. Uti wa mgongo una dalili za ugonjwa wa mifupa ambao huwapata sana watu wanene na wenye kisukari. Kwa hiyo huenda karamu ile ilimkuta mtu ambaye mwili wake ulikuwa tayari umechoka kwa vyakula vizito na pombe ya miaka mingi. Tezi dume, figo, kisukari, pombe: ni yupi hasa aliyempeleka? Pengine walishirikiana. Mnaofanya kazi yangu mnajua kwamba mfumo mkubwa hauangushwi na kosa moja mara nyingi. Makosa madogo matatu hukaa kimya miaka mingi, kisha siku moja yanakutana.

Na lile kosa la Kepler la kuchukua data? Ni kweli alichukua. Halafu akakaa nayo miaka akipambana na sayari ya Mihiri. Hesabu zake zilipokosana na vipimo vya Tycho kwa dakika 8 tu, mtu mwingine angesema ni kosa la kipimo, tuendelee. Kepler alimwamini marehemu. Akaitupa hesabu yake mwenyewe na kuanza upya, na ndivyo alivyogundua kwamba sayari huzunguka jua kwa njia ya duaradufu, si duara kamili. Aliyachapisha hayo mwaka 1609. Tycho hakuishi bure.

Kinu cha baba mdogo

Sasa nifike nyumbani. Sehemu hii nimeiandika na kuifuta mara tatu.

Mwaka 2011 nilikuwa kidato cha pili, karibu na Voi. Baba mdogo, mdogo wake baba yangu, alikuwa na kinu cha kusaga mahindi, yeye na mshirika wake. Jumamosi moja wakaenda harusini pamoja. Mshirika ndiye aliyekwenda kumchukulia sahani ya pilau. Usiku tumbo likamshika baba mdogo. Siku ya tatu akafia hospitalini.

Mnajua yaliyofuata. Matanga hayakuisha kabla hukumu haijatoka. Nani alimletea chakula? Nani atabaki na kinu? Alikuwepo, alifaidika, alichukua. Ni orodha ile ile ya Kepler, neno kwa neno. Watu wakaacha kusagia pale. Watoto wa yule mzee wakatengwa shuleni. Na usiku mmoja mimi na wenzangu wawili tulikwenda na makaa, nikaandika mlangoni pa kinu: MUUAJI. Mkono ulikuwa wangu. Kabla ya mwaka kwisha kinu kilifungwa, na mzee yule akahama na jamaa yake kwenda kuanza upya ugenini.

Mwaka 2019, nimeshamaliza digrii, baba aliniita nimpigie picha karatasi za familia kwa ajili ya mambo ya urithi wa shamba. Ndani ya mfuko wa plastiki, katikati ya risiti, nikakuta ripoti ya uchunguzi wa maiti ya baba mdogo. Ukurasa mmoja na nusu. Kidonda cha tumbo kilichotoboka, uchafu ukaenea ndani ya tumbo. Nikakumbuka mgongo wake. Alibeba magunia miaka ishirini, na kila jioni alimeza vidonge vya maumivu kama mtu anayekula karanga. Vidonge hivyo vikizoewa hula ukuta wa tumbo. Baba mdogo aliingia harusini na kidonda chake tayari.

Nikamuuliza baba, "Ulijua?"

Akanyamaza kidogo. "Daktari alitueleza siku ile ile. Lakini nani angesikiliza? Watu walikuwa wameshapata mtu."

Logi ilikuwepo, wasomaji wangu. Ilikaa miaka minane ndani ya mfuko wa plastiki.

Nilichukua miaka mingine kupata ujasiri. Mwaka jana nikatafuta namba ya yule mzee, nikampigia. Nikasema shikamoo, nikajitambulisha, nikamweleza ni nani aliyeandika mlangoni. Nilitegemea atakata simu.

"Nilijua ni mtoto," akasema. "Herufi zilikuwa chini, usawa wa kiuno changu. Mtu mzima angeandika juu." Kisha akasema, "Wewe nimekusamehe zamani, mwanangu. Nawangoja wakubwa."

Kepler alifutiwa tuhuma mwaka 2012, miaka minane baada ya kile kitabu. Wakati huo alikuwa mfu wa karne karibu nne, na hakuumia. Walio hai huumia. Jumatatu ile, baada ya kuisafisha diski na mfumo kurudi, niliita kikao cha watu wale wale walionisikia asubuhi. Nikawaonyesha logi kwenye ukuta, nikaonyesha jina langu juu ya ile programu, nikamwomba kijana radhi mbele yao. Alicheka kwa aibu akasema hakuna neno. Lilikuwepo neno, lakini alikuwa na adabu, kama Tycho mezani.

Na baba? Nimemtumia ile ripoti kwenye simu yake, pamoja na namba ya mzee. Alama zinaonyesha ameisoma. Bado namngoja naye.

Jambo la mwisho, kwa baba na wajomba wanaosoma hapa: ukiona mkojo unatoka kwa shida, au umegoma kabisa, usione haya, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Siku hizi wataingiza mrija mwembamba, na utapata nafuu mara moja. Tycho alikuwa na kisiwa na Kaisari, lakini hilo hakulipata.

Sehemu ya pili ya hifadhidata inakuja, naahidi. Nitaanza na namna ya kufuta nakala za zamani.